Mkuu wa idara anataka nisaini ripoti ya ubora yenye vikao ambavyo havikufanyika

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kimoja cha mikoani. Nafundisha sayansi ya chakula na lishe, na tangu mwaka jana nimebebeshwa uratibu wa ubora wa idara yetu. Nasema nimebebeshwa kwa sababu hakuna aliyeugombea: hauna posho, haupunguzi vipindi, na ukitamka "uthibiti ubora" kikaoni wenzio wanainamia simu zao.

Shahada yetu imefika wakati wa kupitiwa upya ili mtaala upelekwe Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kuhuishwa ithibati, yaani kibali cha kuendelea kutoa shahada hiyo. Kabla ya hapo chuo kimetaka kila idara ijitathmini yenyewe kwa mwongozo wa Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, ule wa kujipa alama 1 hadi 7 katika kila kigezo na kuonyesha ushahidi. Kisha litakuja jopo la watathmini kutoka vyuo vingine kuangalia kama tulichoandika ndicho kilichopo. Jopo linakuja mwezi ujao, na mwandishi wa ripoti ni mimi.

Niliifanya kwa moyo, Mwalimu. Nilipekua mafaili, nikakaa na wanafunzi, nikahesabu hata viti vya maabara. Rasimu ya kwanza ilitoka na alama 3 kwenye walimu, 3 kwenye maabara, 2 kwenye maoni ya wanafunzi, na 5 kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa sababu viwanda vya maziwa na vya kusindika matunda vya huku vinawapokea vijana wetu vizuri. Nikampelekea mkuu wa idara. Aliniita, akafunga mlango, akasema: "Hii siyo ripoti, haya ni maelezo ya mshtakiwa polisi." Akachukua kalamu nyekundu, kila palipo na 2 au 3 akaandika 6.

Sasa 6 inataka ushahidi, nasi ushahidi hatuna. Hapo ndipo mambo yalipoanza. Kuna dokta wetu wa kemia ya chakula aliyehamia chuo kingine, inakaribia miaka miwili. Kozi zake mbili anazifundisha mkufunzi msaidizi, binti mchapakazi kweli, lakini ana shahada ya kwanza tu. Nimeambiwa jina la dokta libaki kwenye jedwali la walimu na wasifu wake uambatishwe. Mtambo wetu wa Kjeldahl wa kupimia protini (hupima naitrojeni ya chakula, protini ikakokotolewa kutoka hapo) ulikufa kabla sijaajiriwa, wanafunzi wanaonyeshwa video. Mkuu ameshaongea na rafiki yake kwenye taasisi moja ya utafiti, watatuazima wa kwao kwa siku mbili za ukaguzi, uwekwe mezani ukiwa umefutwa vumbi. Kamati ya mitaala ya idara, ambayo ilipaswa kukaa kila muhula, imekaa mara moja tu katika miaka mitatu. Natakiwa niandike mihtasari mitano, kila mmoja na tarehe yake, halafu tuzungushe karatasi ya mahudhurio. Hojaji za wanafunzi za mwisho wa muhula nazo "zitafutwe", na sote tunajua kutafuta huko ni mimi na karani kukaa jioni na kalamu za rangi tofauti.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mtahini wa nje, yaani mtaalamu asiye wa chuo chetu anayeletwa kukagua mitihani, aliyekuja mwaka juzi aliandika kwamba maswali manne kati ya sita ya mtihani wa kemia ya chakula yalikuwa yale yale ya mwaka uliotangulia. Ripoti hiyo ninayo, imo kwenye droo yangu. Mkuu anataka niandike kuwa haikuwahi kufika idarani.

Mwalimu, huyu si mtu mbaya. Ndiye aliyenipokea chuoni nikiwa sijui hata pa kupata chaki. Mama yangu alipofariki alikuja kijijini kwetu kwa barabara ile ya masika, akalala msibani. Na hoja yake ni nzito. Aliniambia: "Ukiandika ukweli wako huo TCU wanatufungia. Hao watoto zaidi ya mia mbili utawapeleka wapi, kwako?" Sikuwa na jibu. Na sikufichi, ombi langu la ruhusa ya kwenda kusoma uzamivu lipo mezani kwake, linasubiri pendekezo lake.

Nisaini? Nikikataa na programu ikafungiwa, si nitakuwa nimewaponza wanafunzi ili mimi nijione msafi? Na namwambiaje mtu niliyezoea kumwita baba?

Mratibu Asiyelala, Nyanda za Juu


JIBU

Marahaba mwanangu, na pole.

Usisaini. Nalitanguliza hilo usije ukasoma mistari yote ukilitafuta. Yanayofuata ni namna ya kutosaini bila kuvunja nyumba.

Nianze na mihtasari, kwa sababu ndiyo inayokuweka pabaya kuliko yote. Muhtasari wa kikao ambacho hakikukaa, wenye tarehe na sahihi, ni nyaraka ya kughushi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 333, inaeleza kughushi kuwa ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya. Hapo hakuna cha kutafsiri. Mambo ya namna hii vyuoni aghalabu huishia kwenye kamati ya nidhamu, hayafiki mahakamani, lakini kamati ya nidhamu inatosha kabisa kuuzika huo uzamivu unaousubiri. Na angalia nani atakuwa kwenye karatasi: mwandishi wa ripoti ni wewe, katibu wa kikao ni wewe. Kalamu nyekundu haiachi jina.

Sasa tuje kwenye alama, maana naona mkuu wako anazichukulia kama za mtihani wa kidato cha nne, kwamba ukipata 3 umefeli. Mwongozo ule, ambao Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao yake Kampala liliutoa mwaka 2010 kwa msaada wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wanataaluma, haukuandikwa hivyo. Alama 4 ni kwamba jambo linatosha kama linavyotarajiwa. Alama 3 ni kwamba halitoshi ila marekebisho madogo yatalifikisha. Alama 6 ni mfano wa kuigwa. Kwa hiyo mkuu wako, kwa kalamu yake, ameiambia Afrika Mashariki yote kwamba maabara ya chakula isiyoweza kupima protini ni ya kuigwa na wengine.

Nilikaa kwenye majopo ya aina hii hadi nilipostaafu. Ripoti iliyojaa 6 tulikuwa tunaisoma mara mbili, na mara ya pili tunaisoma kwa jicho la karani wa benki aliyeshika noti mpya mno. Ripoti yenye 3 hapa, 4 pale, 5 kule, na chini ya kila 3 maelezo ya kinachofanywa, tuliisoma kwa amani. Tulijua walioiandika wanaijua nyumba yao.

Huo mtambo wa kuazima sijui nani alimdanganya mkuu wako kuwa utamsaidia. Jopo likiingia maabara haliangalii vumbi. Mtu mmoja atainama kusoma namba ya mali iliyobandikwa ubavuni, na itakuwa na kifupi cha taasisi nyingine. Mwingine ataomba daftari la matumizi: nani aliutumia mara ya mwisho, sampuli gani, lini. Wa tatu atafungua kabati kuona kama asidi ya salfa na kichocheo vipo na tarehe zake zikoje. Halafu atakuja mzee mmoja mpole, kila jopo lina mmoja, atamsogelea mwanafunzi wa mwaka wa tatu na kumuuliza kama anavyouliza habari za nyumbani: "Mkishapata naitrojeni, mnazidisha kwa ngapi kupata protini?" Aliyekariri atasema 6.25. Mzee atatabasamu, atauliza tena, "Na kwenye maziwa je?" Aliyewahi kupima maziwa kwa mikono yake atasema 6.38. Atakumbuka na ile rangi inavyotoka kijani kwenda waridi unapofika mwisho wa kutitrisha, yaani kudondosha kemikali tone kwa tone hadi rangi ibadilike, na moshi uliomwasha macho siku kabati la kufyonzea hewa lilipogoma. Aliyeona video hana moshi wa kukumbuka. Na nyie mmesema vijana wanafanya mafunzo kwenye viwanda vya maziwa! Swali hilo litaulizwa kabla ya chai.

Wanafunzi huhojiwa peke yao, walimu wakiwa nje. Wahitimu huitwa, waajiri huitwa, mafundi wa maabara huitwa. Majibu hulinganishwa jioni. Hata jopo la kivivu, lile linalokaa mezani kwenye pilau muda mrefu kuliko maabara (nayo yapo, tusidanganyane), hukutana na wanafunzi, na wanafunzi hawana sababu ya kumlinda mkuu wa idara.

Kuhusu dokta aliyeondoka, umejiuliza jopo linatoka wapi? Linatoka vyuo vingine. Naye yuko chuo kingine. Jina lake sasa limo kwenye jedwali la walimu la huko, kama mtumishi wa kudumu. Mlivyo wachache watu wa kemia ya chakula nchini, sitashangaa mmoja wa watathmini akiwa ndiye anayegawana naye ofisi.

Twende kwenye hoja ya wanafunzi, ambayo imekukwamisha, na ni haki ikukwamishe. Mkuu anasema TCU watafungia. Tuangalie walipofungia ilikuwaje. Julai 2017, tume ilizuia vyuo 19 kudahili na ikazuia kozi 75 katika vyuo vingine 22. Wengi mnakumbuka vilio vya mwaka ule. Lakini kilichozuiwa kilikuwa udahili wa wanafunzi wapya wa mwaka wa masomo 2017/18, siyo kwamba vijana waliokuwa madarasani waliamriwa wafungashe mabegi siku hiyo. Kuzuiwa kudahili kunauma, chuo kinakosa ada, idara inakosa sauti kwenye bajeti. Ni adhabu ya chuo kuliko ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Pia kuchelewa kupitiwa upya si sawa na kuwa bandia. Mei 2023 Uganda iliwaka moto baada ya kuonekana kwamba kozi nyingi za vyuo vikuu, Makerere ikiwemo, muda wa ithibati yake umepita. Wazazi walihangaika, wahitimu waliokuwa nje wakaanza kuulizwa maswali. Baraza la Taifa la Elimu ya Juu la huko likatoka kueleza kwamba shahada walizokwisha kupewa watu ni halali, na vyuo vinachotakiwa kufanya ni kuleta programu zao zipitiwe. Fedheha ilikuwa ya vyuo vilivyokuwa vimelaza mafaili.

Hao mia mbili mkuu anaodai kuwalinda ndio wanaolipia kozi ya kemia ya chakula. Tukichukua kozi ya krediti 12, kwa hesabu yetu ya Tanzania ya saa 10 kwa krediti moja, mwanafunzi anadaiwa saa 120 za kazi, kuanzia darasani, maabara hadi kujisomea. Ameshalipia saa hizo, na sehemu ya maabara amepewa video. Akiajiriwa maabara ya kiwanda, msimamizi atamkabidhi sampuli ya unga wa mtoto, kesho yake atajua kama alifundishwa au hakufundishwa. Hakuna muhtasari wa kamati utakaomsaidia hapo. Kwa hiyo ukiulizwa tena "utawapeleka wapi", jibu lipo: uwapeleke maabara.

Na hilo si jibu la mkato, linawezekana, kwa sababu mkuu wako keshalifungulia mlango bila kujua. Taasisi iliyokubali kuwaazima mtambo siku mbili kwa ajili ya maonyesho inaweza kukubali wanafunzi ishirini ishirini waende kwao kufanya zoezi lenyewe. Mwandike barua, mpate hati ya makubaliano hata ya ukurasa mmoja, mpange tarehe, kundi la kwanza liende kabla jopo halijafika. Kwenye ripoti mtaandika: mtambo wetu ni mbovu tangu mwaka fulani, kwa sasa wanafunzi wanafanyia zoezi hili taasisi fulani, hii hapa hati, hili hapa daftari la mahudhurio. Alama bado ni 3. Lakini ni 3 ambayo jopo litaisifu.

Halafu fungua faili la mawasiliano ya idara. Nakaribia kuapa kwamba humo zimo barua za mkuu wako akiomba fedha za mtambo, na majibu ya "subiri bajeti ijayo". Ziambatishe zote. Mtu huyo anaogopa ripoti kwa sababu anadhani mapengo yote yatahesabiwa kuwa yake. Barua zile zitaonyesha aliomba na nani hakutoa. Moja ya kazi za tathmini hizi, ambayo wakuu wengi wa idara hawaitumii, ni kumsemea mkuu wa idara kwa uongozi wa chuo kwa mdomo wa mgeni. Jopo likiandika "chuo kinunue mtambo", makamu mkuu wa chuo husikia kwa sikio ambalo hakulitumia ulipoandika wewe.

Suala la walimu ni gumu kuliko mtambo, nakwambia wazi. Mkufunzi msaidizi ni mtu anayeandaliwa: husaidia semina, husimamia vitendo, huku akisoma uzamili wake. Kumwachia kozi mbili nzima kwa karibu miaka miwili ni kosa kwa wanafunzi na ni kumnyonya huyo binti, maana anafanya kazi ya dokta kwa mshahara wa mwanafunzi, na siku kozi ikikosolewa jina litakalotajwa ni lake. Hapa hakuna njia ya mkato ya mwezi mmoja. Kinachowezekana sasa ni kumwomba dokta mwenyewe arudi kufundisha kwa mkataba wa muda, kwa ridhaa yake na ya mwajiri wake mpya. Akikubali, mwandike kama mwalimu wa muda, ndivyo alivyo. Asipokubali, mhadhiri mwingine mwenye sifa akabidhiwe kozi kwa barua na binti awe chini yake. Na kwenye mpango wa maboresho iandikwe ajira ya mwalimu wa kemia ya chakula, na safari ya uzamili ya binti huyo, kwa tarehe. Hapo alama ya 3 uliyotoa naiona ya huruma kidogo.

Kamati ya mitaala iitisheni wiki hii. Kikao kimoja, tarehe ya kweli, ajenda ya kwanza ikiwa kwamba kamati haijakaa ipasavyo kwa miaka mitatu, na ajenda ya pili ripoti ya mtahini wa nje. Muhtasari huo mmoja una uzito kuliko mitano ya kutunga.

Na ripoti yenyewe ya mtahini wa nje, tafadhali, itoe kwenye droo. Mtahini wa nje huletwa na chuo na hukiandikia chuo. Nakala iko ofisi ya mitihani, na mwenyewe anayo yake. Mkiandika haikufika, mnamfanya mtu mzima mwongo kwa maandishi. Iambatisheni, na chini yake mweleze kilichobadilika: kwamba kuanzia muhula huu maswali yanapitiwa na mwalimu wa pili kabla ya kuchapwa, yakilinganishwa na ya miaka mitatu nyuma. Kama hicho hakifanyiki, kianze. Ni kazi ya nusu siku kwa kozi. Watathmini wanapenda sana ukosoaji uliojibiwa, kwa sababu ndio ushahidi pekee kwamba mfumo unasikia.

Hojaji za kutunga hunichekesha na kunikasirisha kwa pamoja. Zinajulikana kwa urefu wa mkono. Karatasi sitini, zote zina 4, zote zinasema mwalimu anawahi, hakuna hata moja inayolalamikia vyoo wala intaneti. Hojaji ya kweli ya mwanafunzi wa Kitanzania isiyogusa vyoo sijawahi kuiona. Fanya mpya sasa, bila majina, wasimamie viongozi wa madarasa, wewe usiwepo. Hesabu, andika kurasa mbili, kisha ubandike ubaoni nusu ukurasa wa "mlisema hivi, tutafanya hivi". Alama 2 mliyonayo itabaki 2 kwa miaka iliyopita, na jopo litaona kwamba mwaka huu mmeanza.

Sasa mkuu wako. Usimwendee ofisini na mlango ukafungwa tena. Mwombe nafasi mahali mnapoweza kuongea kama mlivyoongea msibani kwenu. Usianze na sheria. Anza na yeye: "Mzee, wewe ndiye uliyenifundisha kazi hii, kwa hiyo sitaki nikufiche. Nimejaribu kuandika ile mihtasari, mkono umekataa. Naogopa jopo likigundua jambo moja tu la uongo, hata mazuri yetu hawatayaamini, na atakayeitwa kueleza ni wewe. Nimekuja na njia nyingine." Kisha mpe karatasi moja: pengo, hatua, mhusika, tarehe. Moja tu, siyo faili. Mwonyeshe barua zake za kuomba mtambo zimeambatishwa. Mwonyeshe kwamba kwenye mpango huo yeye ndiye anayeonekana kuirekebisha idara. Halafu nyamaza, mwache asome. Atafoka kwanza. Mwache afoke.

Wakuu wa idara wengi, wakishaona kwamba ukweli unakuja na mpango, hulegea. Wengine hawalegei. Akikataa kabisa, mwandikie barua pepe ya heshima, fupi, ukiambatisha rasimu yako, useme kwamba hiyo ndiyo tathmini uliyoifanya na ushahidi uliouona, na kwamba mabadiliko ya alama yakifanywa unaomba yasainiwe na aliyeyafanya. Usimtukane, usimtishe, usitume nakala kwa watu kumi. Kisha nenda kurugenzi ya uthibiti ubora ya chuo na uombe msaada wa kitaalamu kuhusu namna ya kuandika kigezo ambacho hakina ushahidi. Wao wataelewa. Ikiwa hata huko utaambiwa utunge, ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini hiyo ni ya mwisho, na kabla ya kuigusa mtafute wakili. Nyaraka zako zihifadhi. Usizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la wahadhiri hata kama wote humo ni rafiki zako; humo ndani siri hazilali.

Uzamivu wako unaweza kucheleweshwa. Sitakwambia vinginevyo. Mkuu akinuna anaweza kulalia ombi lako hadi dirisha lipite. Mwulize amidi wa kitivo taratibu zinasemaje ombi likikaa bila kujibiwa, na uendelee kutafuta ufadhili wako mwenyewe, kwa sababu mwenye barua ya ufadhili mkononi hukataliwa kwa tabu. Mwaka mmoja wa kusubiri ni mzigo. Kwenda kusoma huku umeacha nyuma faili la kughushi lenye sahihi yako, ambalo mtu yeyote atakayegombana nawe anaweza kulifungua hata miaka kumi baadaye, ni mzigo wa aina nyingine.

Nawaambia na viongozi wa vyuo wanaosoma hapa: mratibu wa ubora asiye na posho, asiyepunguziwa kipindi hata kimoja, na anayetathmini idara ya mtu anayempendekeza masomoni, hamjamteua, mmemtega. Nchi hii ina tume yake ya vyuo vikuu tangu 2005, na kabla yake baraza la ithibati lililoanza miaka ya 1990. Muda wote huo tumejifunza vizuri sana kutengeneza mafaili. Mpunguzieni mratibu vipindi kadhaa kwa ajili ya kazi hiyo, na ripoti yake iende kurugenzini moja kwa moja, nakala kwa mkuu wa idara. Haihitaji fedha, ni barua tu.

Wewe kesho asubuhi anza na barua ya taasisi ya utafiti, maana hao huchukua muda kujibu na mwezi haukusubiri. Dokta mpigie simu leo hii, naye ana haki ya kujua jina lake linatakiwa kutumiwa vipi. Hojaji zifanye kabla wanafunzi hawajaanza kufunga mabegi ya mapumziko. Wakishapanda basi hutawapata.